Betri Ina Moto

Kwa fundi Urbano, nyuma ya stendi,
Kibiti.
Jumanne, baada ya alasiri.

Dada Nasra,

Shikamoo. Kaa chini kwanza, na kama shemeji Swalehe yupo naye akae, maana unayemsoma ni mtu mzito. Tangu Mungu aumbe radi hajatokea mtu, si Kibiti, si Ikwiriri, si Dar es Salaam yenyewe na maghorofa yake, aliyeuchapa umeme ukakimbia kama nilivyouchapa mie, mdogo wako Mshamu, yule uliyekuwa ukimfinya masikio kwa kudokoa sukari. Iko siku watoto wa shule watalikariri jina langu na kulikosea kwenye mtihani.

Baada ya hayo, mie ni mzima, ila mkono wa kulia una malengelenge na ndiyo maana herufi zangu zinakwenda upande upande kama kaa. Hali yenu siijui. Kifua cha Saidy kimepoa? Kaka yake bado anakojoa kitandani ama ameshaona haya? Barua zote huuliza hivi, najua, lakini safari hii nauliza kwa kutaka jibu, si kwa kujaza karatasi.

Na kabla hujashuka mstari mwingine, dada: lile boksi la betri nililokutengenezea, kama limeungwa kwenye sola, nenda kalichomoe. Acha barua hapo mkekani, nenda. Usilifungue, usilitikise, usimtume mtoto. Chomoa waya wa sola kisha urudi usome. Sababu nitakupa kwa mpangilio wake, maana nikianzia mwisho utasema Mshamu kaanza vituko.

Umerudi? Haya.

Mama yuko Chumbi, kapanda dunguni kulinda mpunga. Anasema ndege wa mwaka huu wana adabu kuliko mie, maana wao wakifukuzwa huondoka. Anakusalimu sana na anataka kujua lini utamletea wajukuu awaone. Mama hajui lolote kati ya haya ninayokuandikia, na usimwambie mpaka tuonane.

Sasa turudi nyuma kidogo. Unakumbuka ulivyonilalamikia siku ya Idi, simu zikiwa bado zinashika huko kwenu? Ulisema boksi la kwanza nililokupa linashinda juani kutwa nzima, halafu wavuvi wa kamba wakija jioni na simu zao na taa zao za kichwani, linakata pumzi kabla ya isha. Shemeji akakunyang'anya simu, akaniambia boksi langu lina ucha Mungu wa ajabu, linafunga mchana na usiku halifuturu. Nyote mkacheka, hata watoto nikawasikia. Mie nikacheka pia, lakini dada, maneno yale yaliniingia. Kibiti hii watu hunisimamisha barabarani kuniuliza habari za chaja, halafu mvuvi wa kamba anifanyie mzaha!

Nikaanza kuwaza. Ndani ya boksi mna betri nilizozing'oa kwenye laptop zilizokufa, na mna kibodi, yaani kijipande cha bodi cha kuchajia, hakizidi ukucha wa dole gumba. Kibodi ndicho mlinda mlango. Kinapokea umeme wa sola na kuupenyeza kwenye betri kidogo kidogo, na kina taa, nyekundu betri ikiwa inajaa, bluu ikishajaa. Hakina ubaya, ila ni bahili. Kinamimina kwa kijiko.

Hapo nikamkumbuka mwalimu wa fizikia wa kidato cha pili, ambacho ndicho kidato changu cha mwisho kama unavyojua, lakini nilikikaa vizuri. Alitufundisha kuunga sambamba. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, na umeme wa huku unajumlishwa na wa kule. Mabomba mawili, ndoo moja, ndoo inajaa upesi. Hilo alitufundisha Alhamisi na nilikuwepo, tena kiti cha mbele. Ijumaa akamalizia nusu ya pili, ile ya mambo yanayoweza kuharibika. Mie nilikuwa nimekwenda kuswali, na wewe unazijua Ijumaa zangu za enzi zile, swala ikiisha inaendelea uwanja wa mpira hadi magharibi.

Fundi Urbano naye akawa amesafiri kwao Songea kwenye msiba, akaniachia meza, bisibisi, na amri ya kutogusa kitu kisicho simu. Nikakaa na amri yake mpaka basi lilipopinda kona. Nikachukua vibodi, nikavipanga bega kwa bega, nikavilehemu kwa risasi, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Nikawasha. Dada, ulikuwa uchawi! Betri iliyokuwa ikimaliza mchana mzima ikajaa kabla muuza kahawa hajamaliza mzunguko wake. Ila taa za vibodi zilikuwa hazipatani. Kimoja kinageuka bluu, chenzake bado chekundu, mara vinabadilishana. Nikawaambia watu waliokusanyika kwamba hao ni wake wenza, waacheni wabishane, kazi inaendelea. Wakacheka. Wewe pia nilikuambia hivyo hivyo nilipokuletea boksi lako jipya pale gatini Nyamisati, na ukacheka.

La pili nilimtengenezea Marsela. Humjui, kaja baada ya wewe kuolewa. Ni mama mmoja wa bara, ana kibanda cha kusuka nywele ng'ambo ya stendi, mcheshi, mdomo wake haulali. Umeme ukikatika mashine zake za kunyolea zilikuwa zinamtoa jasho, akataka boksi. Nilipomkabidhi akaniita injinia mbele ya wateja. Siku ile ile nikachukua ubao wa zamani wa Urbano, nikaandika kwa chokaa, herufi kubwa, BETRI ZA MSHAMU ZINA MOTO, nikaufunga kwenye nguzo kuelekea barabarani.

Unajua tunavyosema sie. Betri ikiwa na nguvu tunasema ina moto. Ikiisha tunasema haina moto. Ni sifa, hakuna sifa nyingine ya betri kuliko hiyo. Basi wiki iliyopita nahodha Abdalah alipokuja huku kununua petroli, akapita mezani akaniambia ana salamu zako. Akasema umemwambia aniambie betri ina moto mno. Niliruka, dada. Nikawanunulia soda vijana wote waliokuwa hapo, nikamwambia Abdalah akamwambie shemeji kwamba boksi la Mshamu sasa linafuturu na kula daku. Abdalah akaenda zake. Sikumuuliza neno zaidi.

Na Jumamosi asubuhi akaja Marsela. Alivuka barabara na kitana bado kiko nywelani kwake, akasimama kwenye meza yangu, akaniambia betri yangu ina moto. Nikamwonyesha ubao. Nikamwambia na bado. Akasema ina moto sana, Mshamu, hata kuishika naogopa. Nikamjibu, na watu wakanisikia na kucheka, kwamba umeme usioogopwa huo si umeme, ni maji ya kisima. Yeye hakucheka. Alinitazama kidogo kama mtu anayetafuta neno lingine na halipati, halafu mteja akamwita, akarudi.

Mchana, baada ya adhuhuri, nilisikia kitu kinafoka kama mafuta ya maandazi yaliyoingia maji. Nikadhani ni kwa mama ntilie. Kisha ukaja moshi mweupe mzito kutoka kibandani kwa Marsela, na harufu, dada, harufu tamu mbaya ambayo mpaka leo iko kooni kwangu. Boksi alikuwa kaliweka chini ya benchi, kalifunika kanga lisiingie nywele, na juu ya benchi hilo amekaa binti nusu ya kichwa kashasukwa. Marsela hakukimbia. Alimsukuma yule binti nje, kisha akainama akalivuta boksi kwa mikono yake miwili alitupe barabarani. Likamfyatukia mikononi. Betri zilikuwa zinaruka moja moja kama fataki za harusi, na kila moja inatua na moto wake. Nilikimbilia, nikaanza kuzifukia kwa mchanga, na malengelenge yangu ndipo yalipotoka. Maji tulimwaga ndoo kwa ndoo. Lilizima, likawaka tena lenyewe. Tukadhani limekufa, likawaka tena. Sijawahi kuona moto wa namna ile, moto unaojirudia kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Kibanda kimekwisha. Marsela yuko hospitali Mchukwi. Nimekwenda kumwona jana, nimesindikizwa. Mikono yake yote miwili imefungwa bendeji mpaka viwikoni, na mikono ndiyo kazi yake, ndiyo inayosuka. Daktari hajasema kama vidole vitakunjika. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, ningependelea kutukanwa. Aliniuliza tu kama yule binti alipata mtu wa kummalizia kichwa. Nikasema ndiyo, na ni uongo, sijui. Halafu akaniambia, taratibu, kwamba alinieleza, na akaniuliza mie nilidhani anasema nini. Nilitazama bendeji.

Polisi walikuja Jumamosi ile ile. Mmoja akasimama chini ya nguzo akausoma ubao wangu kwa sauti, neno kwa neno, halafu akaurudia, mbele ya watu wote wa stendi. Nililala ndani. Jumapili Urbano akarudi kutoka msibani, badala ya kupumzika akaja kuniwekea dhamana, na masharti ni kwamba nisitoke Kibiti peke yangu. Nikitoka, anaingia yeye. Ndiyo maana mbele yako kuna karatasi na si mie mwenyewe. Na nimepiga simu yako mpaka kidole kimekufa ganzi, lakini mnara wa huko kwenu umelala tangu zile mvua za upepo, hapatikani yeyote, si wewe, si jirani zako, si mtendaji.

Urbano alinitukana Kingoni na Kiswahili mpaka akaishiwa vyote viwili. Alipopoa akaniketisha akanieleza ile nusu ya Ijumaa. Anasema ndoo haina koo, betri ina koo. Hizi za kung'oa kwenye laptop ni wazee, nyingine zimeumia ndani na kwa nje zinang'aa, na mzee halishwi matonge mawili kwa mpigo kwa sababu una haraka. Kibodi kimoja kilikuwa bahili kwa sababu hiyo, ubahili ule ndio uliokuwa ukiwaacha hai. Na ukiunga viwili sambamba, anasema, hakuna kinachojua kwamba kipo chenzake. Kila kimoja kinadhani kinalisha peke yake. Betri ikianza kulalamika hailalamiki kwa taa, inalalamika kwa joto. Unatia mkono, unasikia. Na ikishaanza kuchemka ndani, kuchomoa waya peke yake huenda kusitoshe, inaendelea yenyewe. Ndipo akaniuliza kama iko nyingine. Nikasema iko kwa dada yangu, deltani. Urbano akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Leo asubuhi Abdalah kaja tena kuchukua petroli. Nikamdaka kabla hajashuka kwenye bodaboda, nikamwambia akifika tu, kabla ya kufunga boti vizuri, aende kwako akakuambie betri ina moto, uitoe nje. Abdalah akanipa mkono, akanipongeza, akasema na yeye nimtengenezee moja ya boti. Nikamwambia hapana, nahodha, sikiliza, moto, moto! Akasema amesikia. Nikamwomba anirudishie maneno yangu. Akasema atakuambia Mshamu kasema betri ina moto sana, uitoe nje watu waione.

Hapo ndipo nilipoomba kalamu. Nilikaa pale nikafikiri juu ya salamu zako za wiki iliyopita, zilizopita mdomo huo huo na kuingia sikio hili hili. Dada Nasra, ulimwambia nini Abdalah? Ulikuwa unacheka ulipomwambia? Ama ulikuwa umetoka kutia mkono juu ya boksi na kuuondoa upesi? Tangu asubuhi naisikia sauti yako ikisema maneno yale, na kila nikiisikia inabadilika. Na wewe ukapokea jibu langu, la kufuturu na daku. Kama ulikuwa unaniuliza ufanye nini, basi nilikujibu kwa mzaha, na wewe ulinisadiki, kwa sababu mie ndiye fundi.

Sasa sikiliza, na haya msomee na shemeji. Sijui utakuwa umelikuta boksi baridi ama la. Likiwa baridi, libebe nje, liweke kwenye mchanga mtupu, mbali na nyumba, mbali na makuti, mbali na boti na petroli, watoto wasilisogelee mpaka nije mwenyewe. Likiwa na joto, ama limevimba ubavu, ama unasikia harufu tamu, usilishike kwa mikono kama Marsela. Toeni watoto kwanza. Watoto kwanza, kisha nyie. Shemeji alisukume kwa kasia refu, na likianza kufoka aliache, mtoke wote, nyumba iende. Makuti yanasukwa upya. Msiwaze vyombo, msiwaze simu za watu.

Uliniambia umelipandisha juu ya matofali chini ya kitanda cha watoto, kwa kuwa pale ndipo maji ya bamvua hayafiki na mwizi hapafikirii. Wakati ule nilikusifu kwa akili.

Abdalah yuko nje, anapiga honi ya bodaboda ya watu, anasema maji hayamsubiri fundi. Alfajiri yakijaa atatoka Nyamisati, na Mungu akipenda barua iko kwako kabla ya jua kupanda na kabla shemeji hajatandaza sola. Nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni, na nimemwapisha asikuambie neno lolote kwa mdomo, akupe karatasi tu.

Msalimie shemeji Swalehe, mwambie mzaha wake nimeusamehe. Msalimie mama mkwe wako. Wasalimie wapwa zangu, huyo mkubwa, na Saidy, wanaolala

Dada, siwezi kumaliza salamu hizi kabla sijakuambia jambo hili. Urbano aliniuliza, polisi waliniuliza, nikawaambia wote kwamba maboksi yale mawili ni mapacha, nimeyaunga sawasawa. Hawakuwa na sababu ya kunikatalia. La Marsela lilikuwa na vibodi viwili. Betri za kwako ni za laptop zile zile, idadi ile ile, hazikuongezeka hata moja. Ila vibodi nimekuungia vinne. Nilifanya hivyo kwa sababu shemeji alinicheka, na kwa sababu wewe ni dada yangu, nikataka la kwako liwe na moto kuliko yote.

Mdogo wako,
Mshamu